Windows 7 zetu zilikuwa zinapoteza network kila siku hapa Kiptere, hadi Mama Akoth alipofungua daftari

Wakuu, salamu kutoka Kiptere. Na salamu za pekee kwa wale mnaosoma kila kitu humu ndani lakini hamjawahi kuandika hata neno moja. Mimi nilikuwa mwenzenu hadi leo.

Sitaongeza chumvi. Haya yote yalinipata mimi mwenyewe, na mahali sijui nitasema sijui. Majina nimebadilisha kidogo kwa sababu kuna watu wa hapa kwetu wanasoma hii forum.

Mnivumilie pia. Nilifika darasa la nane tu na naandika polepole. Huu uzi umenichukua siku tatu.

Mimi nafanya kazi kwa cyber.

Ni chumba kimoja, meza ndefu, kompyuta nne za mezani. Tatu ni Windows 7 na moja ni XP. Hiyo ya XP ina kelele kama posho mill, lakini inawaka kila asubuhi bila kubembelezwa.

Najua kuna mtu ameanza kuandika "tupa hizo takataka" kabla hata ya kumaliza kusoma. Subiri kwanza, mkuu.

Mwenye cyber tumwite Baba Njeri. Wazazi wake walitoka Central wakaja hapa na biashara ya viazi, yeye akafungua hardware. Hardware iko upande mmoja wa uwanja, cyber iko upande wa pili. Antena ya internet iko juu ya paa la hardware, router iko ndani ya hardware, halafu cable moja inavuka uwanja hadi kwetu, kwa switch inayogawia kompyuta zote nne kwa cable fupi.

Katikati ya huo uwanja ndipo wakulima wanaleta majani chai kupimwa. Kuna banda, kuna mizani, na lori la majani linakuja karibu kila siku isipokuwa Jumapili.

Sasa shida yenyewe.

Network ilikuwa inakatika. Haikukatika kabisa, hiyo ingekuwa rahisi. Inakaa vizuri masaa mawili, halafu unaona kale ka pembetatu ka njano pale chini. Baada ya muda inarudi yenyewe kama mtu aliyeenda choo.

Kuna mwalimu mmoja alijaza fomu ya kurasa sita, network ikaenda akiwa ya tano. Akaanza upya. Ikaenda tena. Mara ya tatu hakugomba, alisimama tu, akachukua mwavuli wake akaondoka. Hiyo iliniuma kuliko kama angenitukana.

Alhamisi moja Baba Njeri akaniambia mpango wake. Kuna mtu wa Sigor ananunua kompyuta kuukuu za kutoa spea, atakuja Jumamosi ya wiki ijayo achukue zote nne. Chumba kitakuwa stoo ya mbegu za viazi.

Hakunisema vibaya. Alisema tu mashine zimezeeka, na mtu hagombani na uzee.

Wakuu, mimi sina cheti. Kompyuta nilijifunzia hapo hapo kwa hiyo meza, kwa kuharibu na kutengeneza. Hakuna cyber ya Kericho mjini itanichukua. Tena mimi ni mtu wa aibu, nikiongea na watu watatu kwa wakati mmoja maneno yanapotea. Nikiwa mbele ya kompyuta hayapotei. Kwa hivyo nilikuwa nimebaki na siku tisa za kuwa fundi.

Nilikuwa nimeshafanya yote niliyosoma humu ndani. Nilibadilisha zile cable fupi. Niliweka driver upya. Nikawa kila mara nafungua ile dirisha nyeusi na kuandika ipconfig /release halafu ipconfig /renew.

Halafu nikapata ile post ya mkuu mmoja kuhusu power saving. Unaenda Device Manager, unafungua kadi ya network, sehemu ya Power Management, kuna tiki ya kuruhusu kompyuta izime kadi ili kuokoa umeme. Nikatoa hiyo tiki kwa zote nne.

Na ilisaidia, nisiseme uongo. Kabla ya hapo mteja akitoka kidogo kwenda kutafuta kitambulisho, akirudi anapata kadi imelala. Hiyo iliisha. Lakini ile kukatika kubwa ilibaki.

Kilichonimaliza nguvu ni laptop ya Baba Njeri. Alikuwa anakuja nayo anakaa kwa meza yetu, zetu zinakufa, yake inaendelea. Anageuza screen anionyeshe. Hiyo ndiyo ilikuwa ushahidi wake kwamba shida ni Windows za zamani. Na mimi niliamini.

Sasa niwaambie kuhusu Mama Akoth, kwa sababu huu uzi ni wake.

Mama Akoth anatoka upande wa ziwa. Alikuja huku akiwa msichana, mume wake alikuwa kwa kiwanda cha chai. Yeye akaandikwa kwa simu za kiwanda, zile za zamani ambazo unachomeka waya kwa tundu ili meneja aongee na watu wa shambani. Alifanya hiyo kazi hadi simu za mkono zikaja zikamaliza hayo matundu. Sasa ni katibu wa kikundi cha akina mama, na anakuja kwetu kuandika minutes na kuzituma kwa email.

Ana miaka kama sitini na ulimi mkali. Wateja wengine wakigomba mimi nakunja shingo. Yeye akigomba unacheka.

Ijumaa alikuwa anatuma minutes, network ikaenda. Nikaanza kuomba msamaha kama kawaida yangu. Akaniuliza imekatika saa ngapi. Nikasema sasa hivi. Akaniuliza jana ilikatika saa ngapi. Sikujua. Juzi? Sikujua.

Akavua miwani.

"Nyathina, wewe unatibu mgonjwa na hujui homa inakuja saa ngapi?"

Hiyo nyathina ni mtoto wangu, kwa lugha yao.

Akaniambia kwa simu za kiwanda kulikuwa na kitabu. Laini ikikufa, kabla ya kumpigia fundi kelele, unaandika: saa, laini gani, hali ya hewa, na nini kinaendelea mahali hiyo laini inapita. Kila mara. Hata kama umechoka. Alisema fundi akija alikuwa hamsalimii kwanza, anaenda moja kwa moja kwa kitabu anasoma kama gazeti.

Nikamwambia mimi naandika polepole sana.

"Ndiyo vizuri. Wale wa haraka huandika vile wanafikiria. Wewe andika vile unaona."

Siku hiyo hiyo alitoa daftari mpya kutoka kwa mfuko wake, la kikundi, akachora mistari kwa biro. Saa. Kompyuta gani. Mvua ama jua. Nje kuna nini.

Hiyo ya mwisho niliona ni mchezo. Nje kuna nini inahusu Windows 7 aje? Lakini kwa Mama Akoth huwezi kuacha sehemu wazi, nyinyi hamumjui.

Upande wangu nikaongeza kitu kimoja. Nilifungua dirisha nyeusi kwa kila kompyuta nikaweka ping ya router na ile -t ya mwisho, ili iendelee bila kusimama. Network ikiwa nzuri inaandika Reply, Reply, Reply. Ikienda inaandika Request timed out. Kwa hivyo sikuwa nangoja mteja alalamike, nilikuwa naona dakika yenyewe.

Kitu cha kwanza daftari lilinionyesha ni hiki: zote nne zilikuwa zinakufa dakika moja. Ile ya XP na zile za Windows 7, pamoja. Mashine nne haziwezi kuzeeka dakika moja. Nilikuwa nimekaa nazo miezi na sikuwahi kuona hivyo, kwa sababu nilikuwa nakimbilia ile ambayo mteja wake anapiga kelele.

Cha pili kilinitia aibu. Nilichungulia laptop ya Baba Njeri akiwa amekaa hapo. Ilikuwa inatumia hotspot ya simu yake. Haikuwa kwa cable yetu hata siku moja. Hata yeye mwenyewe hakuwa anajua, simu na laptop zilikuwa zinashikana zenyewe akiingia.

Sikumwambia siku hiyo. Nilirudi kwa kiti changu nikaandika kwa daftari.

Jumamosi: mvua tangu alfajiri, ilikatika saa nne na dakika kumi, ikarudi saa tano. Nje: watu wanapima majani.

Jumapili baada ya kanisa nilifungua, hakuna mteja. Mvua kubwa ya mawe kidogo. Haikukatika. Nje: hakuna mtu, mbuzi wawili kwa banda.

Jumatatu na Jumanne: mvua, ilikatika asubuhi majani yakipimwa.

Jumatano: jua zuri kutoka asubuhi, majani yanapimwa, lori lilikuja na kuondoka. Haikukatika hata sekunde.

Baba Njeri alikuwa na maelezo yake. Kwanza alisema ni lori, uzito wake unatingisha antena. Halafu akasema ni wale watu wa majani, kila mmoja na simu yake, wanamaliza network. Hayo ya simu hata mimi nilikuwa nimeanza kuamini.

Mama Akoth alikuja Jumatano jioni akasoma daftari lote akiwa amesimama. Hakuruka hata mstari. Alipofika kwa mbuzi akacheka, akasema huyu kijana ni mwaminifu.

Halafu akaweka kidole kwa Jumapili na kingine kwa Jumatano.

"Mvua bila watu, haikati. Watu bila mvua, haikati. Si lori, si simu. Kesho mvua ikinyesha toka nje uangalie ni nini hawa watu wanafanya siku ya mvua peke yake."

Wakuu, huyu mama hajui Windows ni nini. Kumbukeni hilo.

Alhamisi mvua ilinyesha. Mama Akoth akaja mapema na koti lake, akakaa mbele ya ile dirisha nyeusi, akaniambia yeye ataangalia ndani na mimi niende nje.

Nje kulikuwa na kama akina mama ishirini na wanaume wachache. Nilisimama kwa mlango muda mrefu. Reply bado zilikuwa zinakuja.

Wachumaji wanafunga aproni za plastiki kiunoni kwa sababu ya umande na mvua. Siku ya jua wakifika kupima wanaikunja tu, wanaitupa juu ya kikapu kitupu. Lakini siku ya mvua aproni inachuruzika maji, na ukiiweka karibu na majani karani anakasirika. Kwa hivyo wanaianika.

Na mahali wanaianika ni kwa waya wa zamani unaotoka kwa nguzo ya banda hadi kona ya hardware. Huo waya wameufunga wao wenyewe, miaka mingi kabla ya cyber.

Cable yetu ilikuwa imefungwa juu ya huo waya, kutoka mwanzo hadi mwisho, na binding wire.

Nilikuwa napita chini yake kila siku. Niliona mama wa kwanza akianika, wa pili, wa tatu. Waya ukaanza kushuka katikati. Na pale katikati kuna mahali cable iliungwa, imezungushwa tape nyeusi. Zilipofika kama aproni kumi nikasikia Mama Akoth kutoka dirisha la cyber akisema, bila haraka, "Imeenda."

Sasa ilibidi niongee, na mimi ndiye yule nimewaambia.

Kati ya wale akina mama kuna mmoja anaitwa Bot Chebet, yaani mama yake Chebet. Huyo ndiye mkubwa wao kwa maneno. Aliniona nimesimama kwa mvua bila kofia.

"Leo mtu wa kompyuta ametoka nje," akawaambia wenzake. "Basi hiyo network imekufa kweli, amekuja kututangazia matanga."

Wakacheka wote. Nikasema kitu, hata mimi sikusikia.

"Ongea na nguvu, weri. Hapa hakuna keyboard." Weri ni kijana, kwa lugha yao.

Nikamwambia naomba watoe aproni za katikati, kidogo tu. Akaniuliza kama sasa hata kuanika ni ya kuomba ruhusa kwa cyber. Nikasema hapana, waya ni wao, sisi ndio tulikuja kuwekelea cable yetu hapo. Nataka tu kujua kama ni hiyo, kwa sababu Jumamosi kompyuta zinauzwa na mimi naenda nyumbani.

Hapo hawakucheka. Bot Chebet akaniangalia kidogo, halafu akaenda akatoa yake. Wengine wakafuata, moja moja. Ya tano ama ya sita ilipotoka, sauti ikatoka dirishani: "Imerudi."

Kuna mmoja akasema hiyo ni bahati. Wakaanika tena. "Imeenda." Wakatoa. "Imerudi."

Wakuu, nisiwadanganye, baada ya hapo hawakutaka kuacha. Karani aliacha mizani yake. Bot Chebet alishika waya na kidole kimoja, anauvuta chini, anauliza, "Na sasa?" Mama Akoth anajibu, "Imeenda." Anaachilia. "Imerudi." Watu wazima walicheza na network ya Kiptere kama robo saa, kwa mvua.

Kelele ndiyo ilimtoa Baba Njeri kwa hardware. Nilidhani nitamweleza mimi lakini kila mtu alimweleza kwa wakati mmoja, kwa lugha tatu. Akaenda chini ya ule muungano, akautazama. Akaomba ngazi, akapanda, akafungua tape. Nyaya mbili ndani zilikuwa zimeshikana kwa ncha tu, zimeota kutu ya kijani.

"Hii niliunga mimi," akasema.

Alikuwa na roli mbili fupi za cable siku ile ya kuanza, na hakutaka kusimamisha nguzo wakati waya uko tayari. Alisema hivyo mbele ya watu wote. Mtu mkubwa kama yeye angeweza kunyamaza.

Mama Akoth hakumcheka, na huyo ni mtu anacheka kila kitu. Alimwambia tu kwamba hata kiwanda kilifanya hivyo na laini ya simu, ila wao waliwekelea kwa waya wa nguo za wafanyakazi.

Ijumaa Baba Njeri alisimamisha nguzo mbili na kuvuta cable moja nzima, juu, mbali na waya wa aproni. Bot Chebet na wenzake walishika ngazi wakimwambia auheshimu mwili wake, ashuke polepole asianguke.

Mimi ndani nilifanya yangu. Ile pembetatu ya njano ilikuwa na sehemu yetu pia. Kompyuta ikiwaka ama ikiamka wakati cable imekatika, inaomba anwani kwa router, inakosa, inajipa yenyewe anwani ya kuanza na 169. Hata cable ikirudi, zile zetu zilikuwa zinakaa na hiyo anwani ya uongo dakika kadhaa kabla ya kuuliza tena. Ndiyo maana ilionekana ni ugonjwa wa mashine. Nilizipa zote nne anwani ya kudumu kwa mkono, nikaenda kwa router nikahakikisha hizo namba hazipewi mtu mwingine. Tangu siku hiyo sijaiona tena ile pembetatu.

Jumamosi mtu wa Sigor alikuja na pickup. Mvua ilikuwa inanyesha vizuri kabisa, na majani yalikuwa yameanza kupimwa.

Baba Njeri alimpa kiti na chai. Akamwambia angoje kidogo. Halafu yeye mwenyewe akakaa mbele ya kompyuta ya kwanza, akaniambia nimfungulie ile dirisha nyeusi. Alikaa hapo akiangalia Reply, Reply, Reply hadi aproni ya mwisho ikaanikwa, majani yakapimwa, na lori likaondoka. Hakuna hata moja iliyokosa.

Mtu wa Sigor alikuwa ameanza kuchoka. Akauliza kama kuna biashara ama hakuna, hata ile ya XP peke yake angechukua.

Baba Njeri akanigeukia.

"Wewe unasemaje? Aende nayo?"

Tangu niajiriwe alikuwa ananiambia. Hakuwahi kuniuliza.

Mama Akoth alikuwa hapo kwa kona na minutes zake, akajifanya anasoma. Nikasema XP haifai tena kuwekwa kwa internet, haina ulinzi, aende nayo. Hizi tatu zinabaki. Nilisema kwa sauti ambayo mtu wa Sigor alisikia akiwa mlangoni.

Akabeba moja. Tatu ziko hapa, naandika huu uzi kwa mojawapo.

Kwa wale watasema Windows 7 nayo haipati updates tena: najua, mkuu. Nimeshamwambia Baba Njeri, na mambo ya benki wateja wanafanyia kwa simu zao. Tutabadilisha pole pole. Lakini hatungebadilisha kwa sababu ya kosa ambalo halikuwa lao.

Nilichojifunza ni hiki. Mimi nilikuwa natafuta shida ndani ya mashine kwa sababu ndani ya mashine ndiko siogopi. Mama ambaye hajui kufungua Control Panel alinishinda kwa sababu alitaka kujua nini kinaendelea mahali waya unapita. Nimesoma post nyingi za mafundi wakubwa humu ndani na nawaheshimu. Lakini kama mtaniuliza fundi mkali zaidi niliyewahi kuona, nitawatajia yeye.

Sasa karibuni kwa comments. Kama una mashine ya zamani inayokatika katika, usinitajie version kwanza. Niambie inakatika saa ngapi, na wakati huo nje kuna nini.